Sherehe ya kuvunja kikoba isile jembe la mkulima

Kila mwaka ifikapo Desemba, vijiji vilivyo chini ya milima ya Udzungwa, tangu Kidatu kupita Sanje na Mang'ula hadi Ifakara, huingia katika shughuli mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni kilimo: mvua zimekwisha kuanza, trekta zinagombewa, mbegu ya mpunga inatafutwa. Ya pili ni sherehe: vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyojulikana kwa jina la vikoba, vinavunjwa, akina mama wanagawana akiba ya mwaka mzima, na siku ya mgao inafungwa kwa karamu ya kuaga mwaka yenye turubai, viti vya kukodi, spika, keki na mgeni rasmi. Shughuli hizi mbili zinaitegemea fedha ile ile. Na katika kuigombania fedha hiyo, mwaka baada ya mwaka, jembe hushindwa na keki.

Kwanza ieleweke ni nani anayezungumzwa hapa. Sanje si kijiji cha matajiri. Ni kijiji cha wakulima wadogo wa mpunga na miwa, wachuuzi wa ndizi na samaki, vibarua wa mashamba, na watu ambao wazee wao walitoka kila pembe ya nchi kufuata kazi ya kiwanda cha sukari tangu miaka ya 1960, au kazi ya Reli ya Uhuru iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Mpogoro, Mndamba, Mhehe, Mbena, Mngoni na Mnyakyusa wamejenga pale ua kwa ua. Watu wa namna hiyo hawana ukoo mmoja wa kuwakusanya. Kinachowakusanya ni sherehe, na kikoba kimekuwa ukoo wao wa pili. Kwa hiyo anayesimama na kutaka sherehe hizi zifutwe hajui anachokisema. Mvuja jasho anayo haki ya kukaa kivulini siku moja katika mwaka, akala, akanywa, akacheza. Ubishi haupo hapo. Ubishi ni juu ya nani anayepanga karamu hiyo, inaliwa lini, na deni lake analipa nani.

Mtindo huu wa akiba ulianza Niger mwaka 1991 miongoni mwa wanawake wa vijijini, ukaingia Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000, na siri ya kuenea kwake upesi ni uaminifu unaoonekana kwa macho. Fedha hukaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu hushikwa na watu watatu tofauti. Sanduku halifunguliwi ila mbele ya wanachama. Hisa hugongwa muhuri katika kitabu cha kila mmoja. Anayechelewa kikao hutozwa faini, na faini yake hutajwa kwa sauti. Mwanamke ambaye hakumaliza darasa la saba anajua ameweka kiasi gani, amekopa kiasi gani, na faida ya mwaka imefika wapi. Yapo mashirika makubwa ya umma yaliyokufa katika nchi hii kwa kukosa nidhamu ya sanduku hilo.

Lakini tazama kinachotokea Novemba. Kikundi hicho hicho chenye kufuli tatu huteua kamati ya sherehe isiyokuwa na kufuli hata moja. Wajumbe hawachaguliwi kwa uaminifu bali kwa ulimbwende: nani anajua mapambo, nani anamfahamu mwenye spika, nani aliwahi kukaa katika kamati ya harusi mjini. Kiwango cha mchango hutangazwa kabla bajeti haijaandikwa. Kisha inakuja sare, yaani kitenge cha aina moja kilichoshonwa kwa mshono mmoja, na asiyekuwa nacho hukaa nyuma karibu na masufuria, kana kwamba hisa zake zilikuwa za rangi nyingine. Zawadi ya mwenyekiti, zawadi ya katibu, fedha ya kumtunza mgeni rasmi. Mpiga picha za video. Mshereheshaji, ambaye kazi yake kubwa ni kupiga makelele ili watu wazidi kutoa. Sherehe ikiisha hakuna kikao cha kusoma mapato na matumizi, na anayethubutu kuuliza huambiwa ana roho mbaya.

Ichukuliwe hesabu ya mfano tu, ambayo kila kikundi kinaweza kuibadili kwa tarakimu zake. Wanachama 30 wanachanga shilingi 60,000 kila mmoja kwa ajili ya karamu. Kitenge na mshono wake ni shilingi 45,000. Hiyo ni shilingi 105,000 kwa mtu, na shilingi 3,150,000 kwa kikundi kizima. Ikiwa trekta inalima ekari moja kwa shilingi 70,000, basi katika alasiri moja kikundi hicho kimekula kilimo cha ekari 45. Kila mama aliyeketi chini ya turubai ile amekula ekari moja na nusu, na katika ekari hizo hakuna aliyeshiba, kwa sababu sehemu kubwa ya fedha haikwenda katika chakula. Ilikwenda katika vitambaa vya kufunika viti.

Watetezi wa mtindo huu husema fedha ni zao, wazitumie watakavyo. Laiti zingekuwa zao! Desemba si Julai. Mpunga wa bonde la Kilombero huvunwa kuanzia Mei hadi Julai, na wakati huo bei huwa chini kwa sababu kila mtu anauza. Kufika Desemba mkulima mdogo amekwisha uza, na mchele alioutoa kwa bei ya kutupa anaununua dukani kwa vibaba, kwa bei ya juu. Januari shule zinafunguliwa. Serikali iliwaondolea wazazi ada hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, na ya kidato cha tano na cha sita kuanzia mwaka 2022, lakini sare, viatu na madaftari bado vinatoka mfukoni mwa mzazi. Mchango uliofukuzwa katika mlango wa shule umeingia kwa dirisha la sherehe, na safari hii hakuna waraka wa kuuzuia.

Ndipo anapotokea mlanguzi. Yeye hana haraka. Anajua tarehe za sherehe kuliko wanakamati wenyewe. Huja Januari, kitenge kingali kipya, akamkuta mkulima ana shamba lakini hana fedha ya palizi, naye huununua mpunga ungali majani shambani, kwa bei anayoitaja yeye. Gunia ambalo halijazaliwa limekwisha pata bwana. Na pale ambapo mlanguzi hajafika, amekwisha fika mkopeshaji wa ile mikopo ambayo wananchi wenyewe, kwa ufundi wao wa kutaja mambo, wameiita kausha damu: fedha inayotolewa leo kwa dhamana ya godoro na televisheni, na marejesho yanayodaiwa kila siku au kila wiki. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ilipitishwa mwaka 2018 kuwadhibiti wakopeshaji wadogo, wakasajiliwe na wafuate masharti. Lakini sheria haiwezi kumlinda mtu anayekimbilia kwa mkopeshaji kwa siri, usiku, ili asionekane hana sare.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilionya kwamba mikopo inayotumika mijini hulipwa kwa jasho la mkulima wa kijijini. Mambo yamepiga hatua tangu wakati huo. Siku hizi mkulima anakwenda kukopa mwenyewe, kwa miguu yake, ili augharimie mtindo wa mjini uani kwake.

Mtu asidhani kwamba lawama hii ni ya akina mama. Akina mama wanajitetea, na utetezi wao una uzito. Mwanamke wa Sanje huamka alfajiri, huteka maji, hulima, hupalilia, huamia ndege, huvuna, huanika, hupeleka mpunga mashineni, hupika, huuguza. Katika mwaka mzima siku ambayo yeye ndiye anaketi na wengine wanampakulia ni hiyo moja. Anaposhona kitenge kipya hafuati upuuzi. Anajipa heshima ambayo hakuna mwingine aliyempa. Wanaume wanaowacheka ni wale wale ambao fedha ya miwa ikilipwa huitibua kilabuni jioni moja bila kamati wala bajeti, wala hakuna makala inayoandikwa juu yao. Hoja hii ni ya haki na inapasa ikubaliwe yote. Lakini heshima iliyonunuliwa kwa kausha damu haidumu hadi Pasaka. Mwezi Machi mwanamke huyo huyo anamkimbia mdai kwa kupitia uani, na lile godoro limekwisha chukuliwa.

Lawama nzito zaidi imwendee mgeni rasmi. Kualikwa na wananchi ni heshima, na kiongozi akikataa huonekana anaringa. Afanye nini basi? Afike. Lakini afike saa aliyotajiwa. Ni jambo la kawaida mno sasa shughuli iliyotangazwa saa nne asubuhi kuanza saa tisa alasiri kwa kumsubiri mtu mmoja, pilau linapoa, watoto wanasinzia, na wale akina mama walioacha majaruba yao wazi wanaiangalia mvua ikipita. Akifika, hupewa meza yenye kitambaa na maji ya chupa, wenye sherehe wakibaki na maji ya ndoo. Huhutubia juu ya umuhimu wa kuweka akiba. Kisha huondoka na mbuzi.

Mbuzi huyo ni wa nani? Amenunuliwa kwa hisa za watu ambao baadhi yao wana deni. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno, dharau na uonevu, na ingawa miaka mingi imepita, hakuna kikao cha Chama kilichowahi kutamka kwamba sasa mambo hayo yameruhusiwa. Kiongozi mwenye kuelewa maana ya uongozi atamshika mbuzi yule kamba, atashukuru, na papo hapo, mbele ya watu wote, atamrudisha katika mfuko wa jamii wa kikundi, ule mfuko unaomsaidia mwanachama aliyefiwa au anayeuguliwa. Hilo halihitaji semina. Balozi wa shina anaweza kulifanya, na diwani, na mbunge.

Mfano umekwisha tolewa kutoka juu. Desemba 2015 Rais John Magufuli alifuta gwaride na shamrashamra za Siku ya Uhuru, akaagiza siku hiyo itumike kufanya usafi nchi nzima, na shilingi bilioni 4 zilizokuwa zimetengwa zikaelekezwa kupanua barabara ya Mwenge hadi Morocco jijini Dar es Salaam. Majuma machache kabla ya hapo, sehemu kubwa ya fedha ya tafrija ya wabunge ilinunua vitanda vya Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye aliagiza shilingi milioni 960 za sherehe za Uhuru zijenge mabweni katika shule nane za msingi zenye watoto wa mahitaji maalumu. Kama Taifa zima liliweza kuahirisha gwaride lake, kikundi cha watu 30 kingeshindwaje kuahirisha keki?

Hata hivyo mfano huo nao una mpaka wake, na wapo wanaoutumia vibaya. Kufuta si kupanga. Serikali ikifuta sherehe ina hazina, ina bajeti, ina mwaka mwingine wa fedha. Kikundi cha Sanje kikifuta sherehe yake miaka miwili mfululizo kitavunjika chenyewe, kwa sababu watu hawakuja kwa ajili ya hisa peke yake. Dawa si kuizima ngoma. Dawa ni kuipigia wakati wake.

Na wakati wake unajulikana. TANU ilizaliwa Julai 7, 1954, na kwa miaka mingi Saba Saba ilikuwa ndiyo sikukuu ya wakulima, kabla ya Nane Nane kuichukua kazi hiyo. Watu hawakuichagua Julai wala Agosti kwa bahati kuwa miezi ya mkulima. Mavuno yamekwisha ingia, barabara zimekauka, kuku wamenenepa kwa pumba, na mtu anaweza kulala siku mbili bila shamba kumdai. Mwaka 1972, huko Iringa, ng'ambo ya milima hii hii ya Udzungwa, TANU ilitangaza kwamba Siasa ni Kilimo, na moja ya mambo iliyoyasisitiza kwa wakulima ni kulima mapema, kwa kufuata majira. Siasa hiyo ina tafsiri nyepesi kwa kikoba: mgao ufanyike Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, wakati fedha inahitajika kwa trekta na mbegu, na karamu kubwa ifanyike Julai au Agosti, wakati chakula kipo nyumbani. Katiba ya kikundi si msahafu. Iliandikwa na wanachama na wanaweza kuibadili.

Kwa wale ambao hawawezi kuiacha Desemba, kwa sababu ya Krismasi, kwa sababu ndugu wote wamerudi, basi hata Desemba inaweza kulishwa na Julai. Kila mwanachama atoe debe moja la mpunga siku za mavuno, liwekwe katika magunia ya kikundi, yafungwe mbele ya macho ya wote kama sanduku linavyofungwa. Desemba mpunga huo unakobolewa na wali unapikwa kwa gharama ya Julai. Hakuna anayechanga fedha ya mchele. Yule mnyonge kuliko wote, aliyekosa shilingi 60,000, hakukosa debe moja wakati wa mavuno. Kambale wanatoka mtoni Kilombero, ndizi zinatoka mlimani, kuku wanatoka uani. Sukari iandaliwe mapema vilevile, kwani kukaa karibu na kiwanda hakumfanyi mtu awe na sukari: mwanzoni mwa mwaka 2024, baada ya mvua kubwa za El Niño kuzuia ukataji wa miwa, bidhaa hiyo iliadimika nchi nzima hadi Serikali ikatangaza bei elekezi, na wakazi wa bonde linalozalisha sukari waliitafuta kama watu wa kwingine.

Kuni ndilo jambo ambalo kamati nyingi hulikumbuka siku ya mwisho, nalo ni zito pale Sanje kuliko mahali pengi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na kwa muda wananchi waliruhusiwa kuingia siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Tangu hapo msitu uko hatua chache tu na kuni ziko mbali. Masufuria makubwa ya kulisha watu 200 hayaivi kwa vijiti vya kuokota njiani. Matokeo yake ni ama kununua mkaa kwa bei ya sikukuu, ama kumtuma kijana wa mtu aingie hifadhini gizani akahatarishe uhuru wake kwa ajili ya pilau. Kamati inayojua kazi yake hujipanga tangu Agosti: hupogoa miti iliyopandwa mashambani na mipakani, hukausha, hupanga. Huo ndio uandaaji wa sherehe. Kuchagua rangi ya puto kunaweza kungoja.

Yabaki maneno machache juu ya wageni wa mjini. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara imewekwa lami, na Desemba watoto wa Sanje walioko Dar es Salaam na Morogoro hurudi kwa wingi, wengine wakiwaleta marafiki kuyaona maporomoko ya Sanje. Warudi, karibuni. Lakini ndio wanaokuja na picha za sherehe za mjini katika simu zao na kuuliza kwa nini hapa hakuna ukumbi, kwa nini hakuna mapambo, kwa nini wazee bado wanataka ngoma. Mama mtu, kwa kuona haya mbele ya mwanawe, huongeza mchango. Wahenga walimpa mgeni siku mbili, na siku ya tatu wakampa jembe, na Mwalimu Nyerere aliipenda methali hiyo kwa sababu haimfukuzi mgeni: inamwingiza katika kazi ya nyumba. Kijana aliyefika tarehe 23 Desemba amekuta jembe liko mkononi mwa mama yake. Kama anataka kumheshimu kwa sherehe, amlipie ekari moja ya trekta ndipo amnunulie soda.

Kikundi kitakachotaka kugeuza mambo haya hakihitaji kibali cha wilaya. Kikao kimoja cha wiki kinatosha. Wanachama waamue sare iwe hiari na ifutwe faini ya anayeikosa. Kamati ya sherehe ichaguliwe kwa kura kama mweka hazina anavyochaguliwa. Mchango wa fedha usizidi thamani ya hisa chache zilizokubaliwa, na asiwepo wa kukopeshwa kutoka sandukuni kwa ajili ya karamu. Fedha ya sherehe nayo iingie ndani ya sanduku la kufuli tatu, itoke mbele ya wote, na mapato na matumizi yasomwe katika kikao cha kwanza cha Januari, kabla ya hisa ya kwanza ya mwaka mpya kugongwa muhuri.